Chura wa Mwalimu Anne-Marie

Ukifika Bagira ukauliza nyumba ya mwalimu Anne-Marie, watakuuliza kwanza: yupi, yule wa makaratasi? Ndiye huyo. Katoni ikishapita mikononi mwa mama huyu, haiendi tena kuwashia moto. Katoni za sabuni, za biskuti, za dawa, zote aliziomba kwa wenye maduka kwa maneno matamu, akazikata kwa mkasi wake wa kushonea, akazichora kwa feutre, zile kalamu za rangi, na kuzifunika kwa utepe mpana wa skochi zisije zikalowa. Paka, meza, mvua, kiatu, pua. Chumba cha mbele, ambacho wenzake wa mtaani wamekijaza makochi, yeye alikivusha kamba kutoka ukuta huu hadi ule, picha zikaning'inia humo kwa vibanio vya nguo. Mgeni mrefu aliingia ameinama kama anaingia kuungama.

Mume wake, Papa Barthélemy, aliyeendesha malori miaka yake yote ya nguvu, alikuwa na swali lake kila aingiapo mlangoni: "Leo napita chini ya nini?"

"Chini ya jogoo na jua," angejibiwa.

"Bien," angesema, na kuinama.

Anne-Marie alifundisha Kiingereza shule za sekondari kwa muda mrefu, na kusema kweli kazi ile ilimchosha roho. Vijana walikariri vitenzi kwa ajili ya mtihani wa serikali, wakapasi, na bado ungewaweka mbele ya Mwingereza mwenye maji wangekufa kwa kiu. Corona ilipofunga shule, Priscille, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa naye ni mwalimu kule Nyawera, alikuja kumwonyesha namna ya kufundisha kwa simu, baadaye kwa kompyuta kuukuu aliyomletea. Hapo ndipo mama wa watu akagundua, nywele zikiwa zimeshaanza kuwa nyeupe, kwamba kipaji chake kilikuwa kwa watoto wadogo. Mtoto wa miaka mitano humfundishi sarufi. Unampa kitu cha kuona, kitu cha kushika na sababu ya kucheka, na lugha inaingia yenyewe bila kubisha hodi.

Priscille alifungua kundi la WhatsApp la walimu wa mtandaoni, wa Bukavu, wa Uvira, wa Bujumbura, wote wakihangaika na tatizo lile lile: cha kumwonyesha mtoto. Picha za bure zilizojaa mtandaoni zilikuwa za watu wengine. Basi jekundu la ghorofa. Mtoto amevaa skafu kwenye theluji. Unamfundishaje mtoto wa Kamanyola, anayeungua jua kutwa nzima, kwa skafu? Anne-Marie alizitupa zote akachora zake. Samaki wake walikuwa sambaza wa ziwani, wamepangwa kwenye sahani. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya Bagira, matofali na bati. Alipiga picha kila kadi akaituma kwenye kundi, na walimu vijana waliichapisha na kumshukuru kwa mioyo mingi mingi myekundu. Alikuwa anaihesabu ile mioyo, msidhani hakuwa na majivuno.

Lakini kilichompa jina hasa ni chura.

Chura yule alikuwa wa katoni, kijani, mdomo wazi, ametobolewa tundu kichwani na kupitishwa kamba ya kuvaa shingoni. Sheria yake ilikuwa fupi. Ndani ya somo ni Kiingereza tu. Anayeponyokwa na neno la Kiswahili anavaa chura, na hamvui mpaka mwenzake naye aponyokwe. Kila mtoto alikatiwa wake nyumbani kwake, na mwalimu naye alikuwa na wake, maana sheria ilimshika hata yeye. Watoto waliupenda mchezo huo kupita kiasi. Walikaa macho kodo wakiviziana, na katika kuviziana huko Kiingereza kikakolea vichwani mwao haraka kuliko njia yoyote nyingine. Walimu wote wa kundi walikata vyura. Priscille aliwahi kumwambia, "Maman, chura yako imefika mpaka Bujumbura."

Ambacho Anne-Marie hakumwambia mtu ni mahali alikomtoa chura huyo. Alipokuwa msichana, kule shuleni kulikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Ukikutwa unaongea lugha ya kwenu badala ya Kifaransa, unavishwa, na unatembea nacho ukimtafuta wa kumpa. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa, kisha akapelekwa kuosha choo. Anne-Marie alikivaa mara nyingi, maana mdomo wake ulikuwa mwepesi. Alipokuja kuwa mwalimu alijiambia kwamba kilichokuwa kibaya kwenye kibao kile ni fimbo na choo tu, na kwamba ukiviondoa hivyo viwili, ukakipaka kijani na kukichorea macho makubwa, kinabaki kifaa kizuri cha kufundishia. Alikosea, lakini kosa lenyewe lilikuja kumfikia kwa njia ndefu.

Njia hiyo inaanzia kwa Élie.

Élie ni mtoto wa Charlène, binti yao wa pekee. Alizaliwa Bagira, akalelewa ndani ya chumba kile kile cha kamba, kwa sababu baba yake, Christophe, alikuwa ameshatangulia Kanada kusoma, na mama yake alifanya kazi ofisini mjini tangu asubuhi. Mgongo alioujua Élie ulikuwa wa koko yake, ndivyo Bukavu tunavyowaita bibi na babu. Alilala humo, alikula sambaza na vichwa vyake, alijua kuiga mlio wa pikipiki kabla ya kujua kusema maji. Na alikuwa na mchezo wake na babu. Papa Barthélemy akirudi jioni hakumwita kwa jina. Angesimama nje ya mlango, akakohoa kwa heshima, na kuita:

"Muzee!"

Na ndani, popote alipo, chini ya meza au kwenye beseni, mtoto angeitika kwa nguvu zake zote:

"Niko!"

Basi. Mchezo ulikuwa huo tu. Lakini yule babu aliucheza kila jioni na hakuuchoka, na wakati mwingine alitoka tena nje makusudi ili aingie upya.

Karatasi za Kanada zilitoka mtoto alipokuwa na miaka mitatu. Charlène alivuka naye Ruzizi, mto wa mpakani, asubuhi moja, Élie amelala begani, na hata kwaheri hakuiona. Walijipa moyo kwamba watatembeleana. Baadaye vita iliingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, shule zikafungwa, watu wakatawanyika, na habari ya kutembeleana ikawa kitu ambacho hakuna aliyekitaja mezani, wasiharibiane chakula.

Ndipo Charlène akapiga simu, sauti yake imekauka.

"Maman, ku masomo banasema Élie hasemake. Eko anakaa tu kimya. Bamemupima masikio, masikio iko bien. Banasema ni ju ya luga. Umufundishe Kingereza, maman, vile unafundishaka batoto ya bengine. Lakini tafazali, usimuchanganyishie na Swahili. Ata kidogo."

"Ata ya kumusalimia?"

"Ata ya kumusalimia. Weye njo mwalimu, unajua."

Kwa kweli alijua. Na tuseme yaliyo ya haki: alifurahi. Bibi mwingine angebaki analia kwenye simu, yeye alikuwa na kitu cha kumpa mjukuu wake ambacho hakuna mwingine Bagira nzima alikuwa nacho. Alichora kadi mpya usiku na mchana. Zile za sambaza na bati aliziweka pembeni, akachora theluji, akachora basi la shule la njano, akachora hata ile skafu aliyoitukana. Chura alimtuma kwa picha, Charlène akamchapisha na kumkata kule kule.

Jumamosi ya kwanza, jioni kwetu na asubuhi kwao, réseau, yaani mtandao, ilikubali, kioo kikawaka na uso wa mtoto ukakijaza, mashavu makubwa, pengo moja mbele. Alitazama. Kisha akapiga kelele:

"Koko!"

Anne-Marie alishikwa na kicheko na machozi kwa pamoja. Lakini sheria ni sheria, na siku ya kwanza ndiyo unayoonyesha kwamba ni sheria, mwalimu yeyote atakuambia hivyo. Akatikisa kidole kwa upole, akaeleza kwa Kiingereza na kwa mikono kwamba humu ndani yeye anaitwa Ticha, na akamwonyesha chura. Élie akacheka sana. Akavaa. Neno la kwanza lililomvisha mtoto yule chura lilikuwa Koko.

Alijifunza kwa kasi ya kutisha. Mwanzoni alivaa chura somo zima, baadaye nusu, baadaye alianza kumtega mwalimu wake. Charlène aliandika kwamba shuleni ameanza kunyoosha mkono. Kisha kwamba ana rafiki. Kisha kwamba amemsahihisha baba yake matamshi mbele ya wageni, na Christophe hajui acheke au anune. Jina lake mwenyewe alilitamka kwa namna ya huko, Ilai, na Anne-Marie naye akamwita Ilai, kwa sababu ndivyo alivyofundisha.

Papa Barthélemy alikaa mlangoni wakati wa masomo. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kioo alikiona kama dirisha lenye mwanga tu, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea chumvi. Alisikiliza sauti ile ikipanda na kushuka, na somo likiisha aliuliza, "Amesema nini?"

"Amesema mbwa iko mukubwa kuliko paka."

"Hiyo ni kweli," angesema Papa Barthélemy.

Mara moja moja aliomba aruhusiwe kuita tu, neno moja, ule mchezo wao. Anne-Marie alimbembeleza: subiri, Papa Charlène, utamuchanganya, ngoja kwanza ashike vizuri. Siku nyingine zote Charlène alipiga simu akiwa kazini, mapumziko mafupi, mtoto hayupo. Mtoto alipatikana Jumamosi tu, na Jumamosi ilikuwa ya Ticha. Babu akasubiri. Alikuwa mtu wa barabara, alizoea kulala siku mbili kwenye tope akingoja lori la mbele linasuliwe.

Dalili ya kwanza ilikuja kwa samaki. Kadi za Kanada zilikuwa zimeisha, na Anne-Marie akachukua ile yake ya zamani kwenye kamba, ya sambaza kwenye sahani, akaiinua mbele ya kamera. Hiki ni nini? Élie alisogeza uso karibu na kioo, akakunja pua.

"Ticha," akauliza kwa Kiingereza, "hao ni minyoo?"

Anne-Marie alieleza kwamba ni samaki, samaki wadogo wa ziwa. Akauliza, kama mtu anayepapasa gizani, kama aliwahi kuwala. Mtoto akasema hapana, na kwamba yeye anapenda samaki wa mraba, wale wa pakiti za dukani. Jioni hiyo Papa Barthélemy aliuliza amesema nini, na mkewe, kwa mara ya kwanza, hakumtafsiria.

Baada ya hapo aliona yote ambayo alikuwa hataki kuyaona. Alimwona Charlène akipita nyuma ya mtoto na kumwambia ale, na kumwambia kwa Kiingereza. Aliona kwamba ni muda mrefu Élie hajavaa chura. Alikuwa akimsifu kwa hilo kila wiki, nyota ya karatasi ya dhahabu, nyota nyingine, na sasa alikaa peke yake chini ya kamba yake akajiuliza swali ambalo mwalimu hodari hakulifikiria: mtoto hatelezi kwa sababu amejizuia, au kwa sababu hana tena pa kuteleza?

Charlène alimwandikia kwamba masomo yanaweza kuisha. Élie anasoma vitabu vya darasa la mbele yake, na Jumamosi ataanza natation, kuogelea, na rafiki zake. Maman, umemuokoa, aksanti sana. Anne-Marie alisoma neno hilo umemuokoa mara nyingi. Kisha akajibu kwamba ni sawa, ila somo la mwisho aachiwe alifanye anavyotaka, na dakika za mwisho ziwe za Kiswahili. Charlène akatuma kidole gumba.

Wiki nzima alichora. Alichora mgongo wenye mtoto ndani ya kitenge. Alichora beseni. Alichora mlango wa nyumba na mzee amesimama nje, mdomo wazi. Papa Barthélemy naye alijua ni siku yake. Alinyoa ndevu. Alitoa koti la harusi ya Charlène, likamlegea mabegani, akalivaa hivyo hivyo na kukaa kwenye kiti chake cha mlangoni mapema kabla hata kompyuta haijawashwa.

"Picha sitaiona vizuri," alisema. "Lakini sauti njo nataka. Aitike tu."

Somo lilikwenda vizuri mno. Élie alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Waliimba wimbo wa kuaga. Ndipo Anne-Marie akaweka mikono mezani, na akasema, kwa lugha ambayo hakuwahi kumsemesha mtoto huyo tangu siku ile ya Koko:

"Élie. Unanikumbuka? Miye njo koko yako."

Mtoto alimtazama. Uso wake ulitulia, macho yakatafuta kitu, na kwa muda mfupi sana, Anne-Marie angeapa mbele ya msalaba, kulikuwa na kitu. Kisha uso ukang'aa wote, furaha ya mtu ambaye mtego wake umenasa.

"Frog!" Élie alipiga kelele, yaani chura, akiruka kwenye kiti. "Ticha, frog!"

Alidhani ni jaribio. Alidhani, baada ya kuvizia kwa muda mrefu, hatimaye amemshinda Ticha. Na kwa nini asidhani hivyo? Ndivyo alivyofundishwa. Anne-Marie alijichekesha, akamchukua chura ukutani na kumvaa, kamba ikamkaa shingoni pale pale ilipokuwa ikikaa zamani. Akafungua mdomo aeleze kwamba leo sheria haipo. Lakini Papa Barthélemy alikuwa amesikia kelele za furaha, akaelewa kwamba mtoto amemtambua koko yake, na uvumilivu wake wa mtu wa barabara ukamwishia. Aliinuka, akapita chini ya kamba bila kuuliza anapita chini ya nini, akausogelea ule mwanga. Akakohoa kwa heshima.

"Muzee!"

Élie alishtuka, kisha akacheka zaidi, akinyoosha kidole. Frog! Huyo naye! Ticha, sasa ni zamu yake, mvishe!

"Amesema nini?" Papa Barthélemy aliuliza, anatabasamu.

Sheria ilikuwa ya Anne-Marie. Alikuwa ameitunga, ameichora, ameisambaza mpaka Bujumbura. Mtoto alikuwa anangoja, amejaa furaha, na mama yake nyuma yake amesimama na mwiko mkononi, hasogei. Ningependa kusema kwamba Anne-Marie alimkata chura yule vipande viwili. Hakufanya hivyo. Hakuweza kumharibia mtoto ushindi wake wa mwisho. Alimvua shingoni mwake, akamvisha mume wake juu ya lile koti.

"Ni muchezo yake," alimwambia. "Anataka uvae."

Papa Barthélemy aliinamisha kichwa avikwe, kama anavishwa nishani. Kisha vidole vyake vikapanda kutafuta ni kitu gani. Vikapapasa skochi, ukingo wa katoni, tundu, kamba. Vikasimama kwenye kamba. Yeye naye alisoma shule za zamani, kule Walungu, na mdomo wake wa Kimashi ulimgharimu vyoo vingi.

"Mama Charlène," alisema polepole. "Hii ni kibao."

Kule Kanada Charlène alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Angesema neno lolote kwa Kiswahili, lolote, chura angehama. Alisimama tu.

"Naitoa saa gani?" Papa Barthélemy aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mwanafunzi anayetaka kujua sheria za shule mpya.

"Mwengine akisema Swahili."

"Ah." Uso wake ukapata nafuu. "Basi iko rahisi."

Aliliweka sawa koti, akamweka chura vizuri katikati ya kifua, akaugeukia mwanga na kuita tena, kwa sauti ile ya jioni za nje ya mlango, akiacha nafasi ya neno moja baada yake.

"Muzee!"

Élie alipunga mkono. Aligeuka kwa mama yake na kumuuliza, kwa Kiingereza safi, kisicho na doa, yule mzee wa Ticha anataka nini. Kisha akasema kwaheri Ticha, asante Ticha, na mtu wa kule akabonyeza, kioo kikawa cheusi.

Papa Barthélemy alikuwa bado ameinamisha sikio.

"Ameitika?"

Anne-Marie alitazama kamba iliyojaa picha zake, mgongo, beseni, mlango, ambazo hakuna aliyezionyesha kwa mtu.

"Réseau imekatika," alisema.

"Ah, hii réseau ya kwetu." Alipapasa kiti, akakaa, chura kifuani. "Basi tungoje irudi."